Saa ya desimali: jinsi ya kuigeuza, kuikokotoa na kuitengeneza

Saa ya desimali huhesabu wakati kwa makumi na mamia badala ya 24 na 60. Kabla ya kugawanya chochote, amua ni kitu gani kizima unachokigawa. Hapo ndipo wengi hukwama, maana "dakika ya desimali" ina maana tatu na hazilingani hata kidogo. Aliyeigawa siku nzima mara kumi, kisha kila fungu mara mia, dakika yake ina sekunde 86.4. Mtunza mishahara aliyeigawa saa ya kawaida mara mia ana dakika ya sekunde 36. Na mpima kazi wa kiwandani, mwenye saa ya kusimamisha iliyogawa dakika moja kwenye mistari mia, kila mstari wake ni sekunde 0.6. Watu hawa watatu wakiandikiana "dakika 25 za desimali" bila kutaja kizima, kila mmoja ataelewa lake, na hesabu ya kila mmoja itakuwa sahihi kwa upande wake.

Kwa hiyo katika maelezo haya siku ikigawanywa tutasema siku, na saa ikigawanywa tutasema saa. Tahadhari nyingine ni ya Kiswahili chenyewe. Nyakati zote humu zimeandikwa kama simu inavyozionyesha, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Saa nane na dakika thelathini na saba mchana ni 14:37. Ukiingiza 8:37 kwenye kanuni yoyote hapa chini, jibu litapungua kwa siku 0.25 kamili. Basi ukiona kosa la robo siku kamili, usitafute mbali: umesahau zile saa sita.

Siku ikiwa 1

Mfumo unaojulikana zaidi ni wa Mapinduzi ya Ufaransa. Sheria ya tarehe 5 Oktoba 1793 iliigawa siku, tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane, katika sehemu 10, na ile ya tarehe 24 Novemba 1793 ikaziita saa, kila saa dakika 100, na kila dakika sekunde 100. Vipimo vyake ni hivi:

- saa ya desimali = siku 0.1 = saa 2 na dakika 24 za kawaida
- dakika ya desimali = siku 0.001 = sekunde 86.4, yaani dakika 1 na sekunde 26.4
- sekunde ya desimali = siku 0.00001 = sekunde 0.864

Siku ina sekunde za desimali 100,000 mahali pa zile 86,400 tulizozoea. Mwaka 1998 kampuni ya Swatch ilitoa mfumo wake wa siku yenye mapigo 1,000, na pigo moja ni sekunde 86.4, yaani ileile dakika ya Wafaransa iliyovuliwa jina la saa. Tutaiita milisiku, maana ndivyo ilivyo: sehemu moja ya elfu ya siku.

Kanuni ni moja tu. Geuza wakati wote kuwa sekunde za kawaida, kisha gawa kwa 86,400. Chukua 14:37:20:

14 × 3,600 = 50,400
37 × 60 = 2,220
jumlisha 20, unapata 52,640
52,640 ÷ 86,400 = 0.609259…

Hakuna hesabu zaidi ya hapo. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni saa, mbili zinazofuata ni dakika, mbili tena ni sekunde: 6:09:25. Kwa milisiku ni 609. Angalia sifuri ya 09, usiidondoshe, kwa sababu 6:9 na 6:90 zimeachana kwa karibu saa mbili za kawaida. Tena usikadirie kwenda juu. Saa haionyeshi sekunde ambayo haijatimia, kwa hiyo 25.9 inabaki 25.

Sehemu 86,400 na 100,000 zikirahisishwa zinakuwa 108 na 125. Yaani kila sekunde 108 za kawaida zinalingana na sekunde 125 za desimali bila hata chembe ya baki. Uhusiano huu uandike pembeni. Kwenye kompyuta ni salama kuliko 0.864, na tutauhitaji tena mbele.

Kukokotoa kichwani

Hakuna anayegawa kwa 86,400 akiwa njiani. Njia ya haraka ni kukariri vituo vya kila saa tatu, kwa sababu saa tatu ni siku 0.125 kamili:

03:00 ni 125, 06:00 ni 250, 09:00 ni 375, 12:00 ni 500, 15:00 ni 625, 18:00 ni 750, 21:00 ni 875.

Kisha tafuta kituo kilicho karibu na wakati wako, uhesabu dakika zilizobaki au zilizozidi, na kila dakika ya kawaida uihesabu kama milisiku 0.7. Kwa mfano wetu, 14:37 imebakisha dakika 23 kufika 15:00. Mara 0.7 ni 16.1, basi 625 toa 16 ni 609. Umemaliza. Thamani halisi ya dakika ni 0.6944, hivyo 0.7 inazidisha kidogo, lakini kituo hakiwi mbali zaidi ya dakika 90, na hata hapo kosa ni nusu ya milisiku. Ukitaka usahihi zaidi, punguza 0.1 kwa kila dakika 18.

Kurudi nyuma ni vilevile. Ukiambiwa 842, kituo cha karibu ni 875. Tofauti ni 33, na kila milisiku ni dakika 1.44, yaani moja na nusu kasoro kidogo. 33 × 1.44 ni 47.5. Ondoa dakika 47 na nusu kutoka 21:00, unapata 20:12 na sekunde 30 hivi. Wanaokosea hapa huwa wamezidisha kwa 0.7 badala ya 1.44. Kumbuka kwamba milisiku ni ndefu kuliko dakika, kwa hiyo ukienda kwenye dakika lazima idadi iongezeke.

Mwendo na kasi vinahitaji uangalifu wa aina yake. Kilomita 60 kwa saa ya kawaida ni kilomita 144 kwa saa ya desimali (zidisha kwa 2.4). Mapigo ya moyo 72 kwa dakika ni karibu 104 kwa dakika ya desimali (zidisha kwa 1.44). Lakini mchapuko una sekunde mbili chini ya mstari, kwa hiyo 0.864 inatumika mara mbili: 9.81 ya mvutano wa dunia inakuwa karibu 7.32. Hili ndilo linalofanya sekunde ya kawaida isiguswe. Vipimo vingi vya fizikia, volti ikiwemo, vimejengwa juu yake, na kuibadilisha ni kuvibadilisha vyote.

Siku inaanzia wapi?

Sehemu ya siku haina maana mpaka useme siku ya wapi. Wafaransa walitumia usiku wa manane wa mahali walipo. Swatch ilichagua saa ya Biel, Uswisi, UTC+1 (saa moja mbele ya UTC, saa sanifu ya dunia) mwaka mzima bila kubadilika majira, ili pigo liwe lilelile duniani kote. Aliye UTC+3 na saa yake inasoma 14:37:20, arudi kwanza hadi UTC (11:37:20), aongeze saa moja (12:37:20), ndipo agawe: 45,440 ÷ 86.4 = 525.9, nayo huandikwa @525. Akigawa saa ya ukutani kwake moja kwa moja atapata 609, na mkutano utampita.

Kuna nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Huko, siku moja ina saa 23 na nyingine 25, na usomaji wa desimali unaruka ghafla kwa milisiku 41.67. Usijaribu kurekebisha mruko huo ndani ya hesabu. Weka rekodi zote kwa UTC, na uongeze tofauti ya mahali unapoonyesha tu. Tofauti ya saa tatu ni nzuri kwa sababu ni 0.125 kamili. Ile ya saa moja ni 0.041666… isiyokwisha, ndiyo maana ni bora kujumlisha sekunde 3,600 kabla ya kugawa kuliko kujumlisha desimali iliyokatwa baada yake.

Kwenye lahajedwali

Excel na Google Sheets tayari zinatunza wakati kama sehemu ya siku, na kinachoonekana kwenye seli ni vazi tu. Andika 14:37:20 kwenye A1, kisha kwenye B1 andika =A1*1000. Huenda ukaona wakati wa ajabu au tarehe. Badilisha mpangilio wa seli uwe Namba, na 609.259 itajitokeza.

Ili kupata saa, dakika na sekunde za desimali, usizidishe sehemu hiyo moja kwa moja kisha ukakata. Kompyuta huhifadhi desimali kwa msingi wa mbili, na 07:12, ambayo ni 0.3 ya siku, haihifadhiki kikamilifu. Hasa ikiwa imetokana na kutoa wakati mmoja kwenye mwingine, inaweza kugeuka 0.29999999 na saa ikasoma 2:99:99 badala ya 3:00:00. Pitia kwanza kwenye sekunde kamili:

B1: =INT(MOD(ROUND(A1*86400,0),86400)*125/108)
C1: =INT(B1/10000)&":"&TEXT(MOD(INT(B1/100),100),"00")&":"&TEXT(MOD(B1,100),"00")

MOD ya ndani inaondoa tarehe kama seli inayo, na pia inazuia 23:59:59.7 isikadiriwe ikawa saa 10 ambayo haipo. Kama lahajedwali yako inakataa kanuni hizi, jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa mkato. Hutegemea mipangilio ya eneo, na kwenye mipangilio hiyohiyo 0.609 huandikwa 0,609.

Anayehitaji siku za wanaastronomia, zinazohesabiwa mfululizo bila miezi wala miaka, naye hakai mbali. Siku ya Julian Iliyorekebishwa, MJD, ni namba ya seli ya tarehe ongeza 15018, mradi wakati ni UTC. Ukianza na muda wa Unix (sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC), gawa sekunde kwa 86,400 uongeze 40587. Siku ya Julian kamili, JD, ni MJD ongeza 2400000.5, na ile nusu ipo kwa sababu JD huanza adhuhuri, si usiku wa manane. Jipime kwa tarehe 1 Januari 2000 saa 12:00, ambayo lazima itoe 2451545.0. Ukipata namba iliyopungua kwa 1462, faili lako linatumia kalenda ya 1904 ya Mac za zamani, na kibadilisho kiko kwenye mipangilio ya kitabu.

Saa iliyogawanywa kwa mia: mishahara na ankara

Hii ndiyo desimali inayotumika kila siku, na ndiyo inayopoteza pesa. Muda wa 7:45 si 7.45. Ni 7.75, kwa kuwa dakika 45 ni 45/60. Aliyebadilisha nukta mbili kuwa nukta moja amempunja mfanyakazi dakika 18. Kadiri dakika zinavyokaribia 59 ndivyo hasara inavyokua, hadi karibu dakika 24 kwa siku.

Shika vipimo hivi: dakika 6 ni 0.1, dakika 3 ni 0.05, sekunde 36 ni 0.01. Ndiyo sababu mawakili wengi hutoza kwa vipande vya dakika sita, na mita za injini za ndege ndogo husoma kwa sehemu za kumi za saa.

Kosa la pili ni kukadiria mapema. Zamu ya 22:15 hadi 06:40 ni saa 8 na dakika 25, yaani 8.41666… Siku tano ni 42:05, sawa na 42.083. Aliyeandika 8.4 kila siku atapata 42.0, aliyeandika 8.42 atapata 42.1, na wote wawili wataapa kwamba wamejumlisha vizuri. Jumlisha dakika kwanza, gawa kwa 60 mara moja mwishoni, ndipo ukadirie.

Kwa zamu inayovuka usiku wa manane, kutoa moja kwa moja kunaleta hasi, na kwenye Excel seli inajaa alama za ####. Andika =MOD(B2-A2,1)*24 na uweke mpangilio wa Namba. Ukitaka jumla ya wiki ionekane kwa saa na dakika, ondoa *24 na mpangilio uwe [h]:mm. Bila mabano hayo, 42:05 itaonekana 18:05, maana saa 24 za kwanza zimehesabiwa kuwa siku na kufichwa.

Kutengeneza saa ya ukutani ya mshale mmoja

Hii haihitaji umeme wa ziada wala programu, na tungependekeza mtu aanze nayo. Siri yake ni mashine ya kwatzi yenye mzunguko wa saa 24, ambayo mshale wake wa saa huzunguka mara moja tu kwa siku. Mzunguko mmoja, siku moja: ukigawa uso kwa kumi, kazi imekwisha.

Tahadhari wakati wa kununua. Saa nyingi zinazouzwa kama za "saa 24" ni za kawaida zenye namba 13 hadi 24 zilizochapwa kwa ndani. Zungusha kitasa cha nyuma na uhesabu: mshale wa dakika unapaswa kuzunguka mara 24 kabla mshale wa saa haujarudi ulipotoka. Ukirudi baada ya mara 12, sio yenyewe.

Uso chora kwenye karatasi nene au kadi yenye nusu kipenyo cha sentimita 12. Mistari mikubwa kumi, kila mmoja nyuzi 36 kutoka mwenzake, na 0 juu kabisa. Baina yake weka mistari midogo kila nyuzi 3.6, jumla mia. Kwa kipimo hiki, mduara una sentimita 75.4, hivyo mistari midogo inaachana kwa milimita 7.5 na milisiku moja ni milimita 0.75. Jicho linaweza kukisia hadi milisiku mbili au tatu, yaani dakika tatu au nne hivi. Ukitaka zaidi, ongeza ukubwa wa uso, usiongeze mistari. Mistari elfu moja kwenye kadi hii inageuka rangi ya kijivu tupu.

Usipime kila mstari kutoka kwa jirani yake kwa rula ya nyuzi. Kosa la nusu nyuzi linajirudia na kufika mwisho likiwa limekua. Pima kila mstari kutoka 0: 36, 72, 108, 144, 180, na kuendelea. Mstari wa 5 lazima uangukie chini wima kabisa, na hapo ndipo adhuhuri ilipo. Usipoangukia, rudia.

Mshale wa dakika lazima utoke. Unazunguka mara moja kwa saa ya kawaida, kila milisiku 41.67, na meno ya plastiki ndani ya mashine yamefunga uwiano huo kuwa 24 kwa 1. Saa ya desimali inahitaji 10 kwa 1. Hakuna uso utakaochora ukaurekebisha huo uwiano. Lakini usiutoe mapema, kwa sababu unasaidia kuweka saa:

1. Funga mashine nyuma ya uso, kaza nati, hakikisha kadi haizunguki.
2. Bandika mshale wa saa ukielekea 0 na wa dakika ukielekea juu. Yote miwili izunguke bila kugusana.
3. Zungusha kitasa kuelekea mbele tu, mpaka ufike wakati wa sasa kwa vituo vya 125, 250, 375. Meno yana nafasi kidogo, na ukimalizia kwa kurudi nyuma mshale wa saa utabaki umening'inia nyuzi moja au mbili nje, yaani milisiku tatu hadi sita.
4. Weka betri, kisha chomoa mshale wa dakika kwa kuuvuta wima na ufunge ncha kwa kifuniko chake.

Mshale wa saa umeshikiliwa kwa msuguano tu. Ukiona saa inapotea asubuhi, upande mshale unaposhuka, na kujirudi jioni, shingo yake imelegea. Ichomoe, ibane kidogo kwa koleo, irudishe. Chagua mshale mwembamba na mwepesi, kwani ule mpana wa mapambo unafunika milisiku tano kwa ncha yake.

Na kama mashine ya saa 24 haipatikani? Ile ya saa 12 inafaa ukikubali duara mbili: 0 hadi 5 kwa nje, 5 hadi 10 kwa ndani, kila saa ya desimali nyuzi 72. Msomaji atajua mwenyewe kama ni kabla au baada ya adhuhuri, kama anavyojua sasa.

Wafaransa nao walikwama hapahapa. Sheria ililazimisha matumizi kuanzia tarehe 22 Septemba 1794, lakini kila saa iliyokuwepo ilihitaji meno mapya, na mtu hauzi wala hanunui saa za mchana kama anavyouza kitambaa kwa mita. Tarehe 7 Aprili 1795 agizo likasimamishwa, kwa sheria ileile iliyosimika mita na gramu. Walipojaribu tena mwaka 1897, katika tume ambayo mwanahisabati Henri Poincaré alikuwa katibu wake, walikuwa wamepoa: siku ibaki na saa 24, dakika tu ziwe mia kwa saa. Hilo nalo likaachwa mwaka 1900.

Saa ya tarakimu kwa Arduino

Arduino ni bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu. Kosa la kwanza ni kusubiri milisekunde 864 kwa delay(864) na kuongeza moja. Muda wa kuchora tarakimu unaongezeka juu ya kila subira, na saa inachelewa. La pili ni kukata 0.864 iwe 0.86: siku itakuwa na sekunde 100,465, na saa itawahi kwa karibu dakika saba kila siku. La tatu halionekani kwenye programu. Bodi nyingi za Arduino Uno zinaendeshwa na kitetemeshi cha kauri badala ya kristali, na kosa la nusu asilimia tu ni zaidi ya dakika saba kwa siku.

Tumia chipu ya saa DS3231, ambayo usahihi wake ni sehemu mbili kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, kama sekunde 0.17 kwa siku. Pini yake ya SQW inaweza kutoa mawimbi 1,024 kwa sekunde. Iunganishe na pini 2 ya Uno, pamoja na rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye volti 5, kwa sababu SQW inaweza kuvuta chini tu, haisukumi juu. Bila rezista utapata kimya. Kisha andika 0x08 kwenye rejista 0x0E ya anwani 0x68. Chipu ikiwashwa huwa imeiweka pini hiyo kwenye kazi ya kengele, na usipobadilisha, mawimbi hayatoki.

Sekunde ya desimali ina mawimbi 884.736, namba isiyo kamili. Hapa ndipo 125 na 108 zinapoingia. Kila wimbi tia 125 kapuni. Kapu likifika 110,592 (ambayo ni 108 × 1,024), toa 110,592 na uongeze sekunde moja. Baki halitupwi kamwe, kwa hiyo siku inafunga kwenye 100,000 kamili:

volatile uint32_t kapu, d;

void wimbi() {
  kapu += 125;
  if (kapu >= 110592UL) {
    kapu -= 110592UL;
    if (++d >= 100000UL) d = 0;
  }
}

Pa kuanzia, soma saa kutoka kwenye chipu mara tu sekunde inapobadilika:

uint32_t s = 3600UL * saa + 60UL * dak + sek;
d = s * 125 / 108;
kapu = (s * 125 % 108) * 1024;

Herufi UL si pambo. Kwenye Uno, int inaishia 32,767, na 3600 × 14 inavuka hapo na kurudi ikiwa hasi. Rejista za DS3231 nazo hutunza tarakimu mbili katika nusu mbili za baiti: 0x37 inamaanisha 37, ilhali ukiichukua kama namba ya kawaida utapata 55. Igeuze kabla ya kuzidisha. Unaposoma d ili uionyeshe, zima katizo (linaloiita wimbi() kila wimbi linapofika pini 2) kwa noInterrupts(), nakili, washa tena. Uno husoma baiti moja moja, na wimbi likiingia katikati utaona tarakimu ikiruka kwa kufumba na kufumbua. Pia usihifadhi JD kwenye kigeu cha float: kwa namba ya milioni mbili na nusu hivi, float ya biti 32 inapiga hatua za 0.25, yaani saa sita, na kwenye Uno double ni float hiyohiyo.

Majaribio: weka chipu kwenye 02:23:50 na usubiri. Ikifika 02:24:00 lazima isome 1:00:00. Rudia kwa 07:12:00 (3:00:00), 16:48:00 (7:00:00) na 21:36:00 (9:00:00). Mwisho weka 23:59:50 uangalie 9:99:99 ikigeuka 0:00:00. Ikionyesha 10:00:00 kwa sekunde moja kabla ya kurudi kwenye sifuri, umeandika > mahali pa >= kwenye mstari wa d, na kila siku saa yako itachelewa kwa sekunde moja ya desimali.